DIGRII KWA MASAFA HUKU DUKA LIKO WAZI: PIGA KWANZA HESABU YA MASAA

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama una wateja sasa hivi lihifadhi, ulisome ukishafunga.

Swali ambalo halikauki kila msimu wa udahili ni hili: "Nina duka, sina wa kuniachia, lakini nataka digrii. Inawezekana?"

Inawezekana. Tanzania ina chuo kikuu cha umma kilichoundwa kwa kazi hiyo hiyo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Kina vituo mikoani, kwa hiyo huna haja ya kuhamia Dar es Salaam. Wala sio jambo geni. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu mwaka 1946, na ndiko Nelson Mandela alikomalizia digrii yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Siku hizi barua za posta zimeondoka, zimekuja simu na kompyuta. Mengine ni yale yale: unasoma mwenyewe, mwalimu yuko mbali, na hakuna kengele ya kukuamsha.

Ila "inawezekana?" sio swali la mfanyabiashara. Ukienda kuchukua mzigo Kariakoo huulizi kama mzigo upo, unauliza bei. Na kwenye digrii watu wanaangalia bei moja tu, ada. Ada ndo sehemu nyepesi, unaiona kwenye karatasi na unaweza kuilipa kidogo kidogo. Bei kubwa ya digrii ni masaa, na hayo hakuna anayekuandikia risiti.

HESABU YENYEWE

Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza ya miaka mitatu inatakiwa iwe na krediti zisizopungua 360. Krediti moja inahesabiwa kuwa masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi. Kazi maana yake kila kitu: kusoma moduli, kusikiliza kipindi, kuandika asaimenti, kurudia, mpaka kukaa kwenye mtihani.

Zidisha. Ni masaa 3,600.

Sasa chukua daftari. Mwaka una wiki 52, lakini wewe ni binadamu. Kuna msiba, kuna mtoto anaumwa, kuna Krismasi na Idd ambazo duka halikuachii hata dakika. Tuhesabu wiki 45 tu za kusoma kweli kweli.

Ukipata masaa 10 kwa wiki, ni masaa 450 kwa mwaka. Digrii yako ni miaka 8.
Ukipata 16 kwa wiki, ni 720 kwa mwaka. Miaka 5.
Ukitaka kumaliza kwa miaka 3, unahitaji masaa 27 hivi kila wiki, na duka lako likiwa wazi kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 3 usiku, hayo masaa 27 utayatoa kwenye usingizi.

Wengi wanaokwama hawakwami kwa sababu hawana akili. Wamejisajili masomo ya mwaka mzima kama mwanafunzi wa bweni, muhula wa kwanza wakabeba, wa pili asaimenti zikagongana na mzigo mpya, mtihani ukawakuta hawajasoma. Ada imekwenda, moyo umevunjika, na duka nalo limeyumba.

Kusoma kwa masafa kuna ruhusa ya kwenda taratibu. Ndo faida yake kubwa, na ndo ambayo watu wanaionea aibu, eti nitachekwa kwa kusoma miaka mitano. Waache wacheke. Ila kabla hujalipa, muulize ofisa wa kituo maswali mawili: naweza kujisajili masomo mangapi machache kwa muhula, na ukomo wa miaka ya kumaliza ni upi? Ukomo upo kila chuo, na lazima mwendo wako uingie ndani yake. Kama unapata masaa 10 tu kwa wiki na ukomo hautoshi, bora ujue leo.

MASAA YA DUKA HAYALINGANI BEI

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo mwenye duka anamzidi mwajiriwa. Mwajiriwa hana namna ya kuchagua saa ya kukosekana kazini. Wewe unayo, lakini ni lazima ujue kila saa ya duka lako inaingiza nini.

Kwa wiki mbili andika mauzo kila baada ya masaa mawili. Usikadirie, andika. Tuseme umegundua kwamba kuanzia saa 8 hadi saa 10 alasiri, jua kali, barabara tupu, faida yako baada ya kutoa bei ya kununulia ni shilingi 1,500. Na kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, watu wanarudi majumbani, wanachukua unga, mafuta, sabuni na vocha, faida ni 15,000.

Masaa mawili kwa mawili. Ukiyatoa ya mchana yakasomewa, hata ukifunga duka kabisa, umepoteza 1,500. Ukiyatoa ya jioni umepoteza 15,000. Tofauti ni 13,500 kwa siku. Kwa siku tano ni 67,500. Kwa wiki 45 inazidi milioni 3. Weka namba hiyo pembeni ya ada ya kozi unayoitaka, uone ipi inatisha zaidi.

Kwa hiyo uliza mapema vipindi vya mtandaoni vinafanyika saa ngapi, na kama vinarekodiwa. Kipindi cha moja kwa moja cha saa 1 usiku ni rahisi kwa mtu wa ofisini. Kwa mwenye duka ni saa ya dhahabu. Kikirekodiwa, utakisikiliza alfajiri.

Na alfajiri ndo rafiki yako. Saa 10 na nusu mpaka saa 12 kasorobo, siku tano, unapata zaidi ya masaa sita. Ongeza masaa mawili ya alasiri kwa siku tatu za wiki, ongeza Jumapili nusu siku, umefika 16 na hujagusa jioni. Wengine watakwambia soma usiku ukishafunga. Kwa mtu aliyesimama siku nzima, saa 4 usiku unasoma ukurasa mmoja mara nne. Tumia usiku kwa kazi nyepesi, kupakua moduli, kupanga karatasi, kuangalia tangazo la chuo.

Kina mama wenye maduka mnajua kwamba mkifunga duka mnafungua jiko. Hapo hesabu ya masaa lazima ifanyike na baba watoto akiwepo, kwenye daftari lile lile. Nani anapika Jumatatu na Jumatano? Nani anaogesha watoto? Mkiacha jambo hili kwenye "tutasaidiana", muhula wa kwanza hauishi.

KIJANA WA DUKA

Ukiamua kuweka mtu, usimweke wiki ya mtihani. Mweke miezi miwili kabla, ukiwepo. Hesabu mzigo pamoja naye unapomwachia na unaporudi, hata kama umetoka masaa mawili. Malipo ya simu yaingie kwenye Lipa Namba ya duka, sio namba yake. Na mikopo ya wateja ifungwe ukiwa haupo, maana "nitamlipa mwenyewe akirudi" ndo mlango wa hasara nyingi. Sio kwamba vijana ni wezi. Duka lisilohesabiwa linamfanya hata mwaminifu aonekane mwizi.

ADA ITOKE WAPI

Itoke kwenye faida, sio kwenye mtaji. Ukipunguza mzigo ulipe ada, rafu zitakuwa wazi, mteja atahamia kwa jirani, na muhula ujao hutakuwa na faida ya kulipia. Mgao wa VICOBA mnapovunja kikundi ni pesa nzuri ya ada, kwa sababu haikuwa kwenye mzunguko wa duka. Mikopo ya kausha damu usiiguse kabisa kwa ajili hii. Mkopo wa biashara angalau unanunua mzigo unaouzwa kesho. Digrii haiuziki kesho.

Weka pia pembeni pesa ya vitu vidogo: bando, kuchapisha, nauli ya kwenda kituoni kufanya mitihani, na pengine kulala. Bando lenyewe linabanika. Vyuo vingi vinatumia mfumo wa Moodle, na programu yake ya simu inakuruhusu kupakua masomo ukayasoma bila intaneti. Pakua yote siku moja, sehemu yenye mtandao mzuri, kisha zima data.

UNAINGIAJE

Njia zipo zaidi ya moja. Kwa kidato cha sita, kiwango cha kawaida ni alama mbili za ufaulu mkuu zenye jumla ya pointi 4. Kwa mwenye diploma ni wastani wa GPA 3.0 kwenda juu, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Kozi nyingine zina masharti ya ziada, soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika. Uliyeishia kidato cha nne usikate tamaa: cheti, kisha diploma, kisha digrii, na kila ngazi ina karatasi yake, hata maisha yakikusimamisha njiani. TCU pia ina utaratibu wa mtihani kwa watu wazima wenye ujuzi walioupata kazini, wasio na vyeti vya kawaida vya kuingilia.

Kwa wenzetu wa Kenya, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023, makao yake yako Konza. Kumbukeni tu kwamba shahada kwenu ni krediti 480, kwa hiyo mzigo wenu ni masaa 4,800, sio 3,600.

USINUNUE KARATASI

Utakutana na tangazo: digrii ya Ulaya au Marekani, miezi sita, "uzoefu wako wa biashara unatosha". Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa inauza shahada za vyuo ambavyo havikuwepo, vilikuwa tovuti tu zenye picha nzuri. Na hapa kwetu mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulikuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kabla hujatuma hata shilingi, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya TCU. Kama chuo ni cha nje, iulize TCU kwanza kama shahada ile itatambuliwa. Mzigo usiouzika hauchukui, hata ukipunguziwa bei.

Vivyo hivyo kwa wale wanaojitolea kukuandikia asaimenti kwa malipo. Mtihani utakapoukalia kituoni utakuwa peke yako na kalamu.

JE, UNAIHITAJI?

Ukweli wangu ni huu: digrii haiongezi mauzo ya sukari. Kama shida yako ni kutunza hesabu au kujua kodi, kozi fupi ya miezi michache itakusaidia mapema zaidi na kwa bei ndogo. Digrii ina maana ukiwa na mlango unaotaka kuufungua: kuajiriwa, kuingia kwenye taaluma yenye bodi kama uhasibu au ununuzi na ugavi, kufundisha, au kampuni yako kukua mpaka ukae meza moja na watu wa benki ukijua wanachosema. Na wapo wanaoitaka kwa sababu walikatishwa shule wakiwa wadogo na jambo hilo halijawahi kuwatoka moyoni. Hiyo nayo ni sababu, mtu asikudharau. Bali hata hiyo ina masaa 3,600.

Ukishajisajili, kitu cha kwanza kuchukua ni kalenda ya chuo. Ibandike ukutani karibu na kalenda yako ya biashara. Kama unauza madaftari na sare, Januari ni mavuno yako. Kama unauza nguo za Idd, mwezi wa Ramadhani hauna nafasi. Muhula ambao mitihani yake imeangukia hapo, chukua somo moja au usichukue kabisa. Wiki ya mtihani ikikaribia, jaza mzigo mapema, waambie wateja wako wakubwa siku utakazokosekana, na mwenye jumla mwambie asikuletee gari siku hizo.

Sasa andika hapo chini: duka lako linafunguliwa saa ngapi, linafungwa saa ngapi, na saa ipi haliuzi. Tutakupigia hesabu ya miaka yako.