Kutoa Bure Si Kutupa

Watu wengi hudhani kwamba kitu kilichotolewa bure hakina mwenyewe. Katika kazi ya kutunga programu za kompyuta wazo hili ni kosa, na kesi moja ya Marekani yatuonyesha sababu.

Programu huria ni ile ambayo mtungaji ameyaacha wazi maandishi yake, ili kila mtu ayasome, ayatumie na kuyabadili. Lakini huitoa pamoja na leseni, yaani ruhusa yenye masharti.

Robert Jacobsen, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitunga pamoja na wenzake programu iitwayo JMRI, ya kuongoza magarimoshi madogo ya kuchezea. Leseni yake iliagiza kwamba atakayeibadili na kuigawa aache majina ya watungaji na aeleze alichobadili. Mfanyabiashara mmoja, Matthew Katzer, akamdai Jacobsen zaidi ya dola 200,000, akisema JMRI imetumia uvumbuzi alioandikisha yeye serikalini. Kumbe programu iliyouzwa na kampuni yake ilikuwa na mafaili ya JMRI, na majina ya watungaji hayamo!

Mwaka 2006 Jacobsen alikwenda mahakamani. Mwaka 2007 hakimu alikataa kumzuia Katzer, akiona kwamba kuvunja leseni ile ni kuvunja mapatano tu. Hapo ndipo penye fundo. Avunjaye mapatano hulipa hasara. Je, aliyetoa kitu bure atahesabu hasara gani? Lakini tarehe 13 Agosti 2008 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Ilisema masharti yale ndiyo mpaka wa ruhusa, na avukaye mpaka huo aweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki, hata kama mtungaji hakutaka fedha. Mwaka 2010 wakapatana: Katzer alikubali kulipa dola 100,000 na kutonakili tena kazi ya JMRI.

Basi, ndugu wasomaji, tushike mambo mawili. Kwanza, atungaye programu aandike jina lake, mwaka na leseni kabla ya kuigawa. Leseni nyingi husema pia kwamba programu yatolewa bila dhamana, ili mtungaji asidaiwe ikileta hasara. Pili, achukuaye kazi ya mwenziwe asome masharti kwanza. Mgeni aliyekaribishwa sebuleni hakupewa nyumba.