MASHAHIDI WAWILI: JINSI ASKARI WA MWILI WANAVYOAMSHWA NA KUTULIZWA

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Wanafunzi wetu wa madarasa ya juu wanaifahamu hadithi ya Nu'man bin Bashir (R.A.), iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, inayowafananisha waumini na mwili mmoja na kutaja homa inayoenea kwa sababu ya kiungo kimoja. Katika darsa ya hadithi huwa tunasimama kwenye maana ya udugu, na ndipo panapostahiki kusimamwa. Lakini kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuuliza swali la pembeni: mwili wenyewe hujuaje? Mwiba umechoma unyayo, ni nani aliyevipelekea habari viungo vingine?

Makala hii ni jibu la swali hilo. Hatusemi kwamba hadithi imekuja kufundisha elimu ya seli, wala sisi si katika wale ambao kila jambo likivumbuliwa maabara hukimbilia kusema lilikuwa limekwishaandikwa. Tunasema tu kwamba swali ni zuri na jibu lake linawahusu pia wazazi, kwani leo watu wengi wanaichelea chanjo, na wengi zaidi wananunua dawa zinazouzwa kwa jina la "kuongeza kinga".

KUTOKA KIDONDA HADI MTOKI

Mtoto akikanyaga mwiba, siku ya pili au ya tatu kidonda huvimba, na mara nyingine hutokea uvimbe unaouma kwenye kinena, ambao sote tunauita mtoki. Bibi zetu wakiona mtoki hutazama unyayo kwanza, na wako sahihi. Kwenye kinena kuna tezi ndogo ndogo, na majimaji yanayotoka katika mguu huchujwa humo kabla ya kurudi kwenye damu. Tezi hizo ni baraza. Habari za kidonda husomwa hapo na chembechembe nyeupe za damu, na mtoki ni dalili kwamba zimeamka na zinaongezeka.

Mpeleka habari ni aina ya seli inayokaa kwenye ngozi, yenye matawi kama mti. Ralph Steinman na mwenzake Zanvil Cohn walizieleza seli hizi huko Marekani mwaka 1973, nasi tutaziita seli za matawi. Juu yake zina vipokezi. Kipokezi ni protini iliyopenya ngozi ya seli, kichwa chake kiko nje na mkia wake uko ndani. Vipokezi vya seli hizi vinatambua vitu vilivyomo kwenye vijidudu na visivyokuwamo katika mwili wetu, kama vile vipande vya ganda la bakteria. Seli ya matawi ikivigusa, humeza kijidudu, hukikatakata, kisha husafiri hadi kwenye tezi ikiwa imekishika kipande chake juu kama mtu aliyebeba barua.

SHAHIDI WA KWANZA

Ndani ya tezi zinasubiri seli ziitwazo seli T, zilizozaliwa katika uboho wa mifupa na kulelewa katika tezi ya kifuani iitwayo thaimasi. Kila seli T ina kipokezi cha umbo lake, na nyingi hazitapata katika maisha yao kipande kinachowafaa. Inayopata husimama.

Hapa ndipo vimeng'enya vinapoingia. Kimeng'enya ni protini inayoendesha kazi ya kemia bila yenyewe kuisha. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, ndiyo maana ukitafuna mkate kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu. Vile vinavyotuhusu leo havivunji chakula. Kazi yao ni kubandika fosfati juu ya protini nyingine au kuibandua, na protini iliyobandikwa hubadilika tabia, kama barua isiyo na muhuri inavyotofautiana na yenye muhuri.

Kipokezi cha seli T hakina kimeng'enya chake chenyewe. Kikishika kipande, kimeng'enya kiitwacho Lck kilicho jirani hubandika fosfati kwenye mikia iliyo ndani. Mikia yenye muhuri huita kimeng'enya cha pili, ZAP-70, nacho hubandika mihuri mbele zaidi. Haya ni mambo ya sekunde. Baadaye kidogo kalsiamu hufurika ndani ya seli na kuamsha kimeng'enya cha tatu, kalsinurini, ambacho kazi yake ni kinyume: hubandua fosfati kutoka kwenye protini fulani, na protini hiyo ikishavuliwa muhuri huingia ndani ya kiini cha seli na kufungua maagizo ya kuongezeka. Dawa ya siklosporini, ambayo watu wengi waliopandikizwa figo huitumia ili mwili usiikatae, hufanya kazi kwa kumzuia kalsinurini.

Umuhimu wa mnyororo huu unaonekana unapokatika. Mwaka 1994 madaktari walieleza habari za watoto waliozaliwa bila ZAP-70 inayofanya kazi. Ukipima damu yao utazikuta seli T, lakini watoto hao huandamwa na maradhi mfululizo. Askari wapo, ila amri haiwafikii.

SHAHIDI WA PILI

Mnyororo huo peke yake hautoshi, na hapa tunaomba msomaji atulie. Baadhi ya seli T zinazoweza kutambua vipande vya mwili wetu wenyewe hupenya mchujo wa thaimasi. Kama kila seli ingeanza vita kwa kuona tu kipande kinachoifaa, zingeshambulia ini, viungo na moyo. Kwa hiyo inatakiwa alama ya pili. Seli T ina kipokezi kingine, CD28, kinachotafuta protini iitwayo B7 juu ya seli ya matawi. Na B7 hujitokeza kwa wingi pale tu seli ya matawi inapokuwa imekutana na hatari kweli. Alama ya kwanza ikija bila ya pili, seli T haipigani. Hufa ganzi, na hata ikiitwa tena haiitiki.

Wanafunzi wa fiqhi wanajua kwamba kadhi hahukumu haki ya mali kwa kauli tupu ya mdai mmoja. Mfano una mipaka yake, lakini unasaidia kukumbuka: shahidi wa kwanza anasema "huyu ni nani", wa pili anasema "ni kweli analeta madhara".

Sasa wazazi wataelewa jambo linalowatia wasiwasi kuhusu chanjo. Chanjo za pepopunda, dondakoo na homa ya ini aina ya B zina vipande visivyo na uhai, na vipande vitupu ni shahidi mmoja. Mwaka 1926 huko Uingereza Alexander Glenny na wenzake waligundua kwamba chanjo ya dondakoo inafanya kazi vizuri zaidi ikichanganywa na shabu, ile ile inayotumika kusafishia maji. Chumvi za aluminiamu za ukoo huo bado zinatumika, kwa kiasi ambacho kwa kawaida hakifiki miligramu moja katika dozi ya mtoto. Hazikuwekwa ili kumdhuru mtoto. Zinasaidia kuziamsha seli za matawi ili shahidi wa pili apatikane. Chanjo ya surua haihitaji chumvi hizo, kwa sababu ina kirusi hai kilichodhoofishwa, nacho chenyewe kinatosha kuamsha. Na ule uvimbe mdogo na homa ya usiku mmoja baada ya sindano ni baraza linafanya kazi.

ILIPORUKWA HATUA

Mwezi Machi mwaka 2006, katika hospitali ya Northwick Park mjini London, vijana wanane wenye afya walijitolea kwa majaribio ya dawa mpya iliyoitwa TGN1412. Wawili walipewa maji yasiyo na dawa, sita wakapewa dawa yenyewe. Dawa hiyo ilikuwa inashika CD28 kwa nguvu kiasi cha kuziamsha seli T bila hata kumsubiri shahidi wa kwanza. Nyani walikuwa wamepewa dozi kubwa mara 500 wasidhurike. Lakini kabla ya saa mbili kupita vijana wote sita walishikwa na maumivu ya kichwa na mgongo, homa na kushuka kwa shinikizo la damu, kisha figo na mapafu yao yakaanza kushindwa. Wote walinusurika, ingawa mmoja wao alipoteza vidole. Baadaye ilieleweka kwamba seli za kumbukumbu za nyani wale hazina CD28 kama za binadamu, kwa hiyo nyani hawakuwa na chenye kushikwa.

Hakukuwa na kijidudu chochote katika damu ya vijana wale. Kilichotaka kuwaua ni kinga yao wenyewe iliyoamshwa bila sababu.

KUTULIZA

Kuamsha kukiisha, kutuliza nako kuna vipokezi vyake. Siku chache baada ya kuamka seli T huota kipokezi CTLA-4, kinachoishika B7 kwa nguvu kuliko CD28 na kumpokonya shahidi nafasi yake. Panya waliozalishwa bila kipokezi hicho, kama ilivyoelezwa mwaka 1995, walikufa wakiwa na wiki tatu au nne tu, viungo vyao vimejaa seli T. Kipokezi kingine ni PD-1, kilichogunduliwa Kyoto, Japani, mwaka 1992. Chenyewe huita kimeng'enya cha kubandua fosfati, na mihuri ikaondoka. Saratani nyingine hujificha kwa kukibonyeza kipokezi hiki. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba breki hizi zikiachiliwa mwili unaweza kuipiga saratani. Dawa hizo zimewaponya watu, na pia zimewaletea wengine uvimbe wa matumbo na wa tezi ya shingo, kwa kuwa breki ikiachiliwa haichagui. Mwaka 2025 tuzo hiyo ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kuzieleza seli T ambazo kazi yake hasa ni kutuliza nyenzake.

Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa "kuongeza kinga", muulize: unaongeza kipi? Kipokezi gani, shahidi yupi, au unaondoa breki ipi? Katika nchi zetu wapo watoto wenye moyo mbovu kwa sababu kinga yao, baada ya kupigana na bakteria wa koo, ilichanganya vipande vya bakteria na nyama ya moyo. Kinga yao haikupungua, ilipotea njia. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe kwa daktari, na akiandikiwa penisilini aimalize yote hata kama koo limepona siku ya tatu.

Wanafunzi wa darasa la juu waje na majibu ya maswali mawili: kwa nini mtoki huchukua siku kadhaa kutokea ilhali Lck hufanya kazi yake kwa sekunde? Na kwa nini kirusi cha UKIMWI, kinachoingia kwa kukishika kipokezi CD4 cha seli T, huiharibu kazi ya baraza zima?

Wabillahi tawfiq.