Je, kisu huamsha saratani ya kizazi?

Msomaji wa Buhongwa, Mwanza, ameandika kwa niaba ya mama yake mkubwa, mfanyabiashara wa dagaa mwenye miaka 51. Mama huyo alitokwa na damu kwa miezi kadhaa, mwanzoni baada ya tendo la ndoa tu, baadaye hata akiinua ndoo. Alipochunguzwa na kuchukuliwa kinyama, majibu yakarudi: saratani ya mlango wa kizazi. Sasa amepewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando kuonana na bingwa wa upasuaji wa saratani za wanawake, na ukoo umegawanyika.

"Mjomba anasema saratani ikiguswa na kisu inatapakaa mwili mzima," anaeleza msomaji. "Baba mdogo anasema kama ni kutoa kizazi, hata hospitali ndogo wanatoa, ya nini kupanda kilima cha Bugando? Shikamoo daktari, tumsikilize nani?"

Kwa ufupi, wote wawili wamekosea, ila mjomba hakuokota maneno yake hewani.

Kisu hakisambazi saratani ya mlango wa kizazi. Kilichowatia watu hofu ni mambo mawili wanayoyaona kwa macho. La kwanza, mgonjwa anapasuliwa wakati ugonjwa umekwisha kuvuka mipaka. Miezi michache baadaye hali inakuwa mbaya, na lawama inaangukia mkasi. La pili ni zito zaidi. Mwanamke anatokwa na damu, inadhaniwa ni uvimbe wa kawaida, kizazi kinatolewa bila mlango wake kuchunguzwa kwanza, kisha majibu ya maabara yanasema ilikuwa saratani. Hapo seli zimebaki pembezoni mwa kidonda, na tiba inayofuata inakuwa ngumu kuliko ambavyo ingekuwa. Tatizo ni operesheni isiyo sahihi kwa ugonjwa ambao haujapimwa.

Hoja ya baba mdogo inajibika ukijua kinachokatwa. Kutoa kizazi kwa sababu ya uvimbe wa kawaida ni kukifuata kizazi chenyewe ukutani mwake. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, daktari huondoa pia nyama zinazokishikilia kizazi pande zote mbili, sehemu ya juu ya uke, na mitoki iliyomo ndani ya nyonga, ambako seli za saratani hupenda kukimbilia kwanza. Operesheni hii si ngeni: Ernst Wertheim aliianza mjini Vienna mwaka 1898. Ugumu wake uko kwenye mirija miwili inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Kila mmoja hupita chini ya mshipa wa damu wa kizazi, karibu kabisa na mlango wake, katikati ya nyama zilezile zinazotakiwa kutoka. Daktari huuchambua mrija taratibu na kuusogeza kando pasipo kuujeruhi. Ukitoboka, mama anaweza kubaki akivuja mkojo. Ndiyo maana daktari wa kawaida wa magonjwa ya wanawake, hata akiwa na mkono mwepesi, huandika rufaa, na anayeiandika anastahili shukrani.

Ubingwa huo huja baada ya udaktari, kisha ubingwa wa magonjwa ya wanawake, kisha miaka mingine ya kusomea saratani peke yake. Afrika Mashariki ilichelewa kuwa na mafunzo yake. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliyaanzisha kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto. Wataalamu hawa bado ni wachache, na kazi zao hazifanani. Saratani ya ovari huwataka waondoe kila chembe inayoonekana tumboni. Ile iliyoota ndani ya mfuko wa uzazi, ambayo mara nyingi hujitangaza kwa damu baada ya hedhi kukoma, huhitaji operesheni nyepesi zaidi. Na saratani itokanayo na mimba zabibu mara nyingi hupona kwa dawa tu, bila kupasuliwa.

Basi mama mkubwa asishangae siku ya kwanza ikipita bila kutajiwa tarehe ya operesheni. Bingwa atampima ukeni na kwenye njia ya haja kubwa, ahisi kama ugonjwa umegusa nyama za pembeni. Atataka picha za figo, kwa kuwa figo iliyovimba huashiria mrija uliobanwa. Atataka kujua ukubwa wa uvimbe. Ukiwa haujazidi sentimita 4, kama ndimu ndogo, na haujatoka nje ya mlango wa kizazi, kisu ni tiba nzuri. Ukizidi hapo au ukiingia pembeni, mionzi pamoja na dawa ndiyo njia bora, na kupasua kwanza ni kumtesa mgonjwa bure. Tafiti za mwaka 1999 zilionyesha kuwa dawa iitwayo sisplatini ikitolewa sambamba na mionzi huokoa wanawake wengi zaidi kuliko mionzi peke yake. Kwa hiyo familia ikisikia "hapasuliwi", isianze kulia. Inawezekana ndiyo kwanza anaelekezwa kwenye tiba yake.

Zamani neno mionzi lilimaanisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ina mionzi yake, na kutoka Buhongwa ni safari ya daladala kupitia Nyegezi na Mkuyuni.

Huenda ukoo ukataka pia operesheni ya vitundu vidogo inayosifiwa kuwa ya kisasa. Kwa saratani hii, ya zamani imeishinda: utafiti wa kimataifa uliotoka mwaka 2018 ulikuta kuwa waliopasuliwa kwa vitundu walirudiwa na ugonjwa na kufa zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo.

Makadirio ya mwaka 2020 yaliihesabia Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, ingawa kipimo cha siki huonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani, na hayo hutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa bila kulazwa. Msomaji mwenyewe, akiwa na miaka 30 na kuendelea, aende kupima. Anayeishi na virusi vya ukimwi aanze mapema zaidi na apime kila mwaka, maana hatari yake ni kama mara sita.

Kwa mabinti, Mwanza ina cha kujivunia. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, ilijaribiwa kwenye shule za msingi 134 za mkoa huu kabla ya kuwa ya taifa zima mwaka 2018. Baadaye wasichana 930 wa Mwanza walishiriki utafiti uliosaidia kuonyesha kuwa dozi moja huujengea mwili kinga ya kudumu, na Aprili 2024 Tanzania ilianza kutoa dozi hiyo moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Turudi kwa mama mkubwa. Aende na majibu ya kinyama, picha zote alizopigwa na orodha ya dawa anazotumia. Aulize ugonjwa uko hatua ya ngapi na kwa nini amechaguliwa tiba hiyo. Mtu aliyetokwa na damu miezi kadhaa huenda akahitaji kuongezewa kabla ya kisu au mionzi, na kwa kawaida ndugu huombwa kuchangia. Mjomba na baba mdogo, wenye nguvu za kubishana kiasi hicho, wanaweza kupanda daladala moja na mgonjwa.