Maandiko ya Hezekia Alipokuwa Mgonjwa

JUMATANO

Soma Isaya 38:9–20. Ni maneno gani katika mafungu haya ambayo usingethubutu kuyasema ukiombwa kutoa ushuhuda kanisani?

Habari ya ugonjwa wa Hezekia imo katika 2 Wafalme 20, 2 Mambo ya Nyakati 32 na Isaya 38. Wote watatu wanasimulia jinsi mfalme alivyougua hata karibu kufa, akaomba, naye Mungu akamsikia. Lakini ni Isaya peke yake aliyetunza maandiko ya mgonjwa mwenyewe. Humo Hezekia anasema maisha yake yameng'olewa kama hema ya mchungaji na kukatwa kama nguo kwa mfumaji. Analia kama ndege, anaomboleza kama hua, macho yake yamechoka kutazama juu. Tena anasema Mungu ndiye anayemvunja mifupa kama simba.

Fungu la 9 linaonyesha kwamba aliandika haya baada ya kupona. Angeweza basi kuacha malalamiko na kubakiza shukrani tu. Hakufanya hivyo. Maombolezo na sifa vimekaa pamoja katika maandiko yale yale, naye Roho Mtakatifu akaona vema yahifadhiwe kwa ajili yetu.

Mfikirie sasa mama anayetibiwa saratani. Anapewa tibakemikali kwa mizunguko, labda kila baada ya wiki 3. Wapendwa wanakuja kumtazama, wanaimba, wanaomba, wanamwuliza anaendeleaje. Anajibu kwamba Mungu ni mwema, na hilo ni kweli. Lakini usiku amelia kwa sababu nywele zimebaki mtoni mwa kitanda, na ameogopa mzunguko unaofuata, na hana wa kumwambia, maana hataki mtu afikiri kwamba imani yake imepungua. Daftari la kurasa chache lampa mahali pa kusema yote. Si lazima aandike vizuri. Siku nyingine ataandika mstari mmoja tu: leo sikuweza kuomba.

Daftari hilo lina kazi nyingine, nayo haipungui utakatifu kwa kuwa ni ya kawaida. Isaya aliyeleta neno la Bwana ndiye pia aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isa. 38:21). Vivyo hivyo ukurasa wenye sala waweza kuwa na tarehe ya dawa, siku kichefuchefu kilipoanza, chakula kilichokubali kukaa tumboni, joto la mwili, na maswali ya kumwuliza daktari, ambayo mgonjwa huyasahau mara anapoketi mbele yake. Tibakemikali hushusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi. Kwa hiyo homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, wala isingojee tarehe ya kliniki. Mikono ikiwa dhaifu, mtoto au dada wa Dorkasi aweza kuandika huku mgonjwa akisema, mradi asimsahihishe.

Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Baadaye jambo hilo lilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, matokeo hayakufanana. Baadhi walipata nafuu ya dalili, wengine hawakuona tofauti. Kuandika hakuyeyushi uvimbe, na mtu asiache dawa kwa sababu ya daftari.

Soma Isaya 39:1, 2 na 2 Mambo ya Nyakati 32:25, 31. Wajumbe wa Babeli walikuja kwa sababu walisikia mfalme ameugua akapona. Hezekia aliwaonyesha nini?

Aliwaonyesha fedha, dhahabu na manukato. Hakuna neno lililoandikwa kwamba aliwasimulia habari za uponyaji wake, ingawa alikuwa ameahidi katika maandiko yake kwamba baba atawajulisha watoto kweli ya Mungu (Isa. 38:19). Yafaa aliyepona arudi kuyasoma aliyoyaandika akiwa kitandani.

Wako pia wasioongezewa miaka 15. Zaburi 88 huanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, nayo huishia gizani bila jibu. Hata hivyo imo katika kitabu cha nyimbo cha Israeli, na Bwana hakuiondoa.

Ikiwa mshiriki wa darasa lenu anatibiwa saratani leo, ni maneno gani mmekuwa mkimzuia ayaseme, pengine bila kukusudia? Ni nani kati yenu ataketi naye juma hili na kalamu mkononi?