UFUNDI: Mambo Madogo Yanayokamilisha Kisu

Leo tujifunze juu ya kisu cha kuagiza. Mteja anakwenda kwa mhunzi na kumwambia, "Fundi, nataka kisu cha kuchunia ng'ombe, kinienee mkononi." Wahunzi wengi hufua kisu kama hicho kwa springi kuukuu ya gari. Chuma hicho ni kizuri. Lakini visu vingine havikai. Mpini unacheza, ribiti zinakwaruza kiganja, au kisu kinavunjika shingoni. Mara nyingi kosa siyo la chuma. Kosa ni kazi ndogo ndogo zilizorukwa mwishoni.

Mteja naye hupata hasara. Kisu kinachoteleza hukata mkono. Tena hutoboa ngozi ya ng'ombe, na ngozi yenye matundu haina bei.

Basi tuzitazame kazi hizo moja moja.

1. MATUNDU NA SHINGO

Msuka ni ile sehemu ya kisu inayoingia katika mpini. Tunatoboa matundu ya ribiti katika msuka kabla ya kukifanya chuma kiwe kigumu kwa moto na mafuta. Kikishakuwa kigumu, keekee haipenyi.

Ukimaliza kutoboa, chukua keekee nene zaidi. Izungushe kidogo kwenye mdomo wa kila tundu, pande zote mbili, mpaka miba ya chuma iondoke.

Halafu tazama shingo, pale bapa linapokutana na msuka. Kama pana pembe kali, ufa utaanzia hapo. Ilainishe pembe hiyo kwa tupa ya mviringo. Fanya hivyo pia kabla ya kukigumisha chuma.

2. MPINI

Pima kiganja cha mteja. Vidole vyote vinne vienee kwenye mpini, na nafasi kidogo ibaki. Tumia mti mkavu, kama mpingo au mninga. Mti mbichi husinyaa baadaye, na ribiti hulegea.

Chonga vipande viwili vya mti. Kabla ya kuvifunga, piga msasa ncha zake za mbele, zile zinazotazama bapa. Kwa nini kabla? Kwa sababu vikishafungwa, huwezi kuzilainisha ncha hizo bila kukwaruza bapa.

3. RIBITI

Tumia ribiti za shaba au alumini, maana ni laini. Panua kidogo mdomo wa tundu la mti ili kichwa cha ribiti kikae ndani. Ribiti itokeze kila upande kiasi cha nusu ya unene wake. Yaani, ribiti ya milimita 4 itokeze milimita 2.

Gonga kwa nyundo ndogo, polepole, mara upande huu, mara upande huu. Usipige kwa hasira! Mti utapasuka. Mwisho, piga tupa vichwa vya ribiti mpaka viwe sawa na mti.

4. MSASA

Kwanza funga bapa kwa kitambaa kinene, usije ukajikata. Anza na msasa wa namba 120, kisha 240, kisha 400. Usihamie namba nyingine kabla mikwaruzo ya kwanza haijaisha.

Baada ya namba 240, pangusa mpini kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke. Nyuzi za mti zitasimama. Zipige msasa tena. Usipofanya hivyo, mpini utakuwa na miba siku ya kwanza mteja akiosha kisu. Halafu paka nta ya nyuki.

Usisahau mgongo wa kisu. Ondoa pembe zake kali mahali kidole kinapokaa.

5. MAKALI

Makali tunayatia mwisho. Kama bapa lina upana wa sentimita 4, inua mgongo kiasi cha sentimita 1 na nusu juu ya kinoo. Noa pande zote mbili sawasawa.

Ukitumia jiwe la kuzunguka, vaa miwani ya kazi, na chovya kisu majini mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu, yamepata moto mno. Hapo yamekwisha lainika, hayatadumu.

JARIBU KABLA YA KUUZA

Pitisha pamba juu ya mpini na ribiti. Ikinasa mahali, rudia msasa hapo. Kisha shika kisu kwa mkono uliolowa. Kisiteleze wala kucheza.

Kazi hizi hazihitaji mashine ya fedha nyingi. Zinahitaji tupa, msasa na uvumilivu. Fundi asiyeziruka ana haki ya kudai bei nzuri, na mteja anayezijua hataonea uchungu kulipa. Wazee wetu walisema, kinolewacho hupata.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini matundu hutobolewa kabla ya chuma kugumishwa?
2. Ribiti ina unene wa milimita 6. Itokeze milimita ngapi kila upande?
3. Chukueni kisu kimoja cha nyumbani. Ni kazi gani ndogo zilirukwa?