MBEGU NJEMA, MBOGA NJEMA

Mwezi huu tutaongea juu ya mbegu za mboga. Huenda wengine watasema hayo ni mambo ya bwana shamba, si ya ukurasa wa afya. Tafadhali soma kwanza.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alimleta kliniki mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kwa upungufu wa damu. Tulimpima, tukampa dawa, kisha nikamwambia mama yule kama ninavyowaambia wote: "Mwanangu, lima bustani ndogo nyuma ya nyumba, mtoto apate mboga za majani kila siku."

Baada ya miezi miwili alirudi. Nikamwuliza habari za bustani. Akasema, "Nesi, nililima, nikatia samadi, nikamwagilia kila jioni. Hakuna kilichoota." Mbegu alizinunua gulioni, zimepimwa kwa kifuniko cha soda, na zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi. Mchuzi wa nyumbani ukabaki ule ule.

Nilitaka kumlaumu, lakini kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kula mboga, sikumfundisha kuchagua mbegu. Somo hili ni deni langu kwake.

1. FAHAMU AINA YA MBEGU

Zipo mbegu za aina mbili. Kwanza ni zile za asili, ambazo wazee wetu wamezitunza na kurithishana: mchicha, mnavu, mgagani, kunde, bamia, maboga, nyanya chungu. Ukipanda na kuvuna mbegu zake vizuri, mwaka ujao utapata mmea wa namna ile ile. Zipo pia mbegu za kisasa zenye tabia hiyo hiyo. Kwa mfano, nyanya za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa na watafiti wa Tengeru, Arusha, mwaka 1997, si chotara.

Pili ni mbegu chotara, ambazo paketi yake huandikwa F1. Hizi zimepatikana kwa kuzalisha mimea ya aina mbili tofauti. Mara nyingi huzaa sana, na mkulima wa biashara anaweza kufaidika nazo. Lakini ukitunza mbegu zake, mazao yanayofuata huchanganyika: huu mrefu, huu mfupi, huu hauzai. Hivyo kila msimu utarudi dukani.

Kwa bustani ya nyumbani, ambayo kazi yake ni kulisha watoto, mbegu ya kutunza mwenyewe inafaa zaidi. Unanunua mara moja, na mwezi usio na fedha bado una mboga.

2. NUNUA KWA MTU UNAYEMFAHAMU

Mbegu za mnavu au mgagani hazipatikani katika kila duka la pembejeo. Mwuzaji wa kuaminika anaweza kuwa bibi jirani ambaye bustani yake umeiona kwa macho yako. Mwombe akuonyeshe mimea aliyochuma mbegu. Mwulize: "Bibi, mbegu hizi ulizivuna lini? Umezihifadhi wapi?" Mwenye mbegu njema hujibu bila kusita.

Wapo pia wakulima waliosajiliwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo huuzwa karibu na zinapozalishwa. Mwulize afisa ugani wa kata yako kama wapo. Arusha kuna tawi la Kituo cha Mboga Duniani, lililofunguliwa mwaka 1992, ambalo lina benki ya mbegu za mboga za Kiafrika.

Ukinunua dukani, angalia haya:
- Paketi iwe imefungwa, haijatoboka wala kulowa.
- Iwe na jina la mboga, jina la aina yake na jina la mzalishaji.
- Iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu Tanzania.
- Tarehe ya mwisho ya matumizi iwe haijapita. Mbegu za vitunguu huharibika upesi, mara nyingi baada ya mwaka mmoja. Za nyanya hudumu zaidi.
- Duka liwe na kivuli. Paketi zinazoning'inia juani zimekwisha pungua nguvu, hata kama tarehe ni nzuri.

Omba risiti na utunze paketi tupu. Mbegu zisipoota, utakuwa na la kumwonyesha mwuzaji.

3. ZIJARIBU KABLA YA KUPANDA

Chukua mbegu 10. Zipange juu ya kitambaa safi chenye unyevu, ukikunje, ukiweke mahali penye joto la kawaida. Kila siku kinyunyizie maji kidogo, kisikauke. Baada ya siku saba hivi hesabu zilizoota.

Zikiota 8 au zaidi, panda bila wasiwasi. Zikiota 5 hadi 7, panda kwa wingi zaidi. Zikiwa chini ya 5, usipoteze samadi na maji yako.

Mbegu za mgagani zilizovunwa karibuni huweza kulala miezi kadhaa kabla ya kuota. Hizo usizitupe, zijaribu tena baadaye.

4. HATARI: MBEGU ZENYE DAWA

Mbegu nyingi za dukani hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Hutiwa rangi nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu ili watu wajue kwamba hazifai kuliwa.

Mwaka 1971 ngano ya mbegu iliyotiwa dawa yenye zebaki iligawiwa kwa wakulima nchini Iraki. Maandishi ya magunia yalikuwa ya lugha ngeni kwao. Wengine waliosha ile rangi, wakadhani na sumu imetoka. Wengine waliwapa kuku kwanza, na kuku wasipokufa mara moja wakasaga ngano, wakaoka mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitali, na 459 kati yao walifia humo. Rangi ilitoka, sumu ikabaki.

Basi, mbegu ya rangi usiioshe ili uipike, hata wakati wa njaa. Usiwape kuku wala mbuzi. Usiiweke jikoni karibu na chakula. Ukimaliza kupanda nawa mikono kwa sabuni. Mtoto akila mbegu hizo usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali pamoja na paketi, ili tujue ni dawa gani.

5. TUNZA MBEGU YAKO MWENYEWE

Wengi wetu hula tunda zuri, na lile dogo la mwisho ndilo tunaliacha liwe mbegu. Kisha tunashangaa kwamba mboga zinadhoofika kila mwaka. Fanya kinyume. Tangu mwanzo funga uzi kwenye mimea iliyo bora na yenye afya, watoto wasiichume. Hiyo ndiyo ya mbegu.

Mchicha huchavushwa na upepo, kwa hiyo ng'oa mchicha pori ulio karibu kabla haujachanua. Nyanya zikomae kabisa. Kamua mbegu pamoja na maji yake, ziache siku mbili au tatu, kisha osha. Kausha mbegu zote kivulini penye hewa. Zikikauka kabisa, zitie katika chupa au kibuyu chenye kifuniko, pamoja na majivu makavu yaliyopoa. Andika jina na mwezi wa kuvuna. Weka mahali pa baridi na giza, mbali na moto wa jiko.

NENO LA MWISHO

Mboga za majani husaidia kujenga damu na kulinda macho, lakini hazichukui nafasi ya matibabu. Mtoto mwenye viganja vyeupe aletwe kliniki, apimwe malaria na minyoo, na apewe dawa.

Mama yule tulimtafutia mbegu za mchicha na mnavu kwa bibi mmoja jirani na hospitali. Msimu uliofuata alinipa mimi mbegu, zimefungwa katika karatasi ya daftari, zimeandikwa mwezi wa kuvuna. Nilizijaribu kitambaani. Kati ya 10, ziliota 9.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Ni mboga gani za asili zimetoweka kijijini kwetu? Nani bado ana mbegu zake?
2. Nyumbani kwako mbegu zenye dawa huwekwa wapi? Je, watoto wanaweza kuzifikia?
3. Je, kikundi chetu kinaweza kuanzisha akiba ya mbegu, ambamo anayeazima kifuniko kimoja atarudisha viwili baada ya mavuno?