Sarafu Ndani ya Tumbawe: Ni ya Nani, na Itunzwe Vipi?



Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa letu la fiqhi hapa Dzaleka tulipofika mlango wa zaka, ndugu mmoja aliuliza: mtu akipita ufukweni na mashine ya kutambulia metali, akaokota donge la tumbawe lenye sarafu za kale ndani yake, je, ni mali yake? Akiziuza, atoe nini? Wengine walicheka, maana kutoka Dowa hadi baharini ni kuvuka nchi nzima ya jirani. Mimi nililichukua swali hilo hadi Lilongwe ninakosoma, na nimeona linatuhusu kuliko tulivyodhani.

Sarafu zenyewe

Pwani yetu ya Waswahili ilikuwa na sarafu zake karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo, nyingi za shaba. Upande mmoja huwa na jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yenye kina kimoja na jina lile. Mmoja wao ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Sarafu yake ilipatikana Great Zimbabwe, bara kabisa. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi.

Safari ndefu kuliko zote ni ya sarafu tano za Kilwa zilizookotwa Australia. Mwaka 1944 askari aitwaye Maurie Isenberg alizikuta kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi. Akatia alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Zilitambuliwa miaka 35 baadaye, na ramani ile ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi mahali penyewe.

Hukumu: luqata au rikazi?

Wanazuoni wanatofautisha mali ya aina mbili.

*Luqata* ni mali iliyopotea kwa mwenyewe. Katika hadithi ya Zaid bin Khalid (r.a.), Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aliyeokota azijue alama za mfuko na kamba yake, kisha atangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija, apewe.

*Rikazi* ni mali iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, hiyo hutolewa khumsi, yaani moja ya tano. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, yanaiwekea khumsi hiyo masharti: iwe dhahabu au fedha, na ifike nisabu. Wengine hawakuweka masharti hayo. Tena ikichimbuliwa katika ardhi yenye mwenyewe, aliyechimba hana haki ya kuibeba tu.

Sasa tutajuaje hii ni ipi? Wanazuoni wamesema: tazama alama. Ikiwa na aya ya Qur'an au jina la mtawala wa Kiislamu, ni luqata. Ikiwa na alama ya watu wa Jahiliya, ni rikazi. Alama isipojulikana, wametofautiana. Mashafi huifanya luqata kwa tahadhari. Katika vitabu vya Mahanafi, kama al-Hidaya, kauli ya msingi huihesabu ya Jahiliya, na imetajwa pia kauli ya kuihesabu ya Kiislamu kwa kuwa zama za Uislamu zimekuwa ndefu.

Basi sarafu ya Kilwa, yenye jina la sultani Mwislamu, inaelekea kwenye luqata. Lakini nani atajua ni ya Kilwa kama ingali ndani ya tumbawe, au kama maandishi yake yamekwanguliwa? Hapa ndipo utunzaji unapoingia katika fiqhi. Anayeiharibu sarafu kwa haraka ya kuisafisha ameufuta ushahidi ambao hukumu inausubiri.

Namna ya kuitunza

Tumbawe ni chokaa. Watu hulivunja kwa nyundo, au huloweka donge zima katika siki au ndimu. Tindikali huyeyusha chokaa kweli, lakini haiishii hapo. Katika sarafu ya shaba iliyokaa baharini, mara nyingi herufi zimebaki kwenye tabaka la kutu lenyewe. Kutu likiyeyuka, herufi nazo zimekwenda.

Adui wa pili ni chumvi. Sarafu ikikauka, chumvi iliyomo ndani huganda na kuipasua. Kwa shaba, chumvi hiyo ikikutana na hewa na unyevu huanza kuila, na utaona unga wa kijani kibichi hafifu. Kwa hiyo:

1. Kabla ya kuinua kitu, piga picha. Andika mahali, kina na tarehe.
2. Usibandue tumbawe. Beba donge zima likiwa na unyevu.
3. Liweke katika chombo cha plastiki chenye maji safi, na ubadilishe maji mara kwa mara. Usichanganye metali tofauti katika chombo kimoja.
4. Peleka haraka kwa wataalamu wa makumbusho. Wao huitoa chumvi kwa wiki au miezi, kisha huondoa tumbawe kidogo kidogo kwa sindano na kisu chembamba chini ya kioo cha kukuza.

Sheria ya nchi

Tanzania ina sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, Malawi ya mwaka 1990, na Kenya ya mwaka 2006. Zote zinamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Kwa maoni yangu ya mwanafunzi, jambo hili halipingani na fiqhi. Mali ambayo mwenyewe hajulikani ni amana, na amana ya umma hukabidhiwa mwangalizi wa umma. Taarifa ile ndiyo tangazo letu.

Inatuhusu vipi Dzaleka?

Aliyezika fedha zake Mtambwe hakuzitupa. Alizificha akitarajia kurudi. Sisi hapa tunalielewa hilo bila kufundishwa. Wapo kati yetu ambao wazazi wao walifukia vitu uani, Kongo au Burundi, usiku wa kukimbia. Siku mtu mwingine akichimba msingi pale akakuta mkebe, asiseme "rikazi, natoa khumsi, iliyobaki yangu". Hiyo ni mali ya mtu aliye hai au ya warithi wake, na umbali hauiondoi haki yao. Vivyo hivyo kwetu: simu au pochi iliyookotwa kwenye foleni ya mgao au kwenye basi la Lilongwe ina mwenyewe. Tuitangaze msikitini na sokoni kwa alama zake, bila kuzitaja zote, ili mwenyewe ajulikane.

Muhtasari

- Tazama alama kabla ya kutoa hukumu, na usiifute alama.
- Yenye alama ya Kiislamu ni luqata. Ya Jahiliya ni rikazi, na ina khumsi kwa masharti yake.
- Kitu cha kale kitolewe taarifa, kisiuzwe kwa mpita njia.
- Mwenye mali asiyekuwepo bado ana haki.

Masuala ya tukio maalumu yapelekwe kwa masheikh wetu. Tunamwomba Allah atujaalie tuwe waaminifu wa tulivyovikuta, na awarudishie waliopoteza vyao. Amin.

Wallahu a'lam.